Chumba cha Mwanjaa, Makorora

Mwali akiolewa, mtaa mzima hubeba:
masufuria saba yaliyopangana kama ndugu,
godoro ndani ya nailoni yake,
na ngoma mbele.
Mwanamke akiachwa, hubeba mwenyewe.
Mwanjaa alishuka kwenye bajaji na begi moja la shangazi kaja
na pasi ya mkaa ambayo mume alisahau kuikataza.

Nikasema, basi, mimi nitakuwa mtaa.

Jumamosi, jua halijapata makali,
nikaenda Tangamano kwa Kihiyo,
anayetandika turubai lake na kuapa
kwamba kila kitu kimetoka kwa Mzungu mmoja wa Raskazone,
hata kinu.
"Kagua, mama. Kukagua si kununua."
Nikakagua.
Sinia la bati lenye mawaridi, moja limebanduka,
limebaki jani linalolinda nafasi.
Birika lisilo kifuniko.
Vikombe viwili visivyojuana,
kimoja kizima, kimoja kimeungwa mkono kwa gundi
na mtu mwenye subira kuliko mimi.
"Nani aliyekiunga?"
"Bei ni ya kikombe, mama. Historia ningekuongeza bure, ila sina."

Na fremu. Nzito, ya mninga.
Ndani yake mwanamke amesimama studio,
nyuma yake bustani ya kuchorwa,
mkono juu ya kiti kama anayekizuia kisiondoke.
Nilitaka fremu tu.
Nyumbani nikang'oa misumari, nikageuza picha:
*Kwa Riziki. Usinisahau. Pangani, 1971.*
Sikuthubutu kuitoa.
Nikairudishia misumari ile ile, matundu yale yale.

Pazia sikununua.
Nilifungua sanduku la marehemu mama,
nikatoa kanga iliyofuliwa hadi ikasahau ukaidi,
nikaikata katikati, kwa kuwa dirisha lina mabawa mawili.
Mkasi ukapita ndani ya jina bila kuniuliza:
upande huu HASIDI HANA,
upande ule SABABU.

Bi Tatu wa Barabara ya Kumi na Tatu
alisema kwenye hitima, kwa sauti ya kuazima chumvi,
"Mwanjaa naye siku hizi ni mtumba."
Nikanyamaza, kinywa kilikuwa na wali.
Lakini Bi Tatu, hujafika Tangamano alfajiri
belo likifunguliwa?
Watu wazima na heshima zao hukanyagana vidole.
Kitu kilichofuliwa mara mia na rangi ikagoma kutoka
hakiulizwi umri.
Hufichwa kwapani kabla mwenzio hajakiona.

Nilifika Makorora bajaji imejaa, miguu yangu nje.
Nilidhani Mwanjaa atalia, nilibeba hata kitambaa.
Hakulia.
Aligonga sinia kwa ukucha, akasikiliza,
akasema, "Hili limelisha watu."
Pazia akaliachanisha, akasoma upande mmoja,
akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu kidato cha pili:
"Hasidi hana! Hana nini?"
"Hana dirisha," nikasema.
Upepo ukayakutanisha, sababu ikarudi mahali pake.
Akayaachanisha tena.

Fremu aliishika muda mrefu.
"Huyu nani?"
"Simjui."
Nikamweleza maandishi ya nyuma.
"Na huyo Riziki?"
"Nadhani alisahau."
Akatafuta msumari, akaupigilia kwa kisigino cha kiatu
juu ya kitanda, pale wengine wanapotundika harusi.
"Atakaa," akasema. "Chumba kilikuwa kinanisikiliza mno."

Halafu chai, birika limefunikwa kwa kisahani.
Miaka kumi na mmoja nilimwona akinywea kopo
ili wageni wapate vikombe.
Leo kizima akakiweka mbele yake,
kilichoungwa akanisukumia mimi.
Nikakishika kwa chini, mikono miwili,
taratibu,
gundi isijue kwamba chai ni ya moto.