Mahali pa Kukatikia

Barafu haikuchagua. Iliangukia waya wowote,
msonobari na mnara, paa la kanisa la Wafini,
gari la Kowalchuk lililoegeshwa vibaya.
Saa nane na dakika kumi na mbili usiku, Thunder Bay,
njia ya kaskazini ikaanguka.
Mzigo wake haukufa nayo: ulihamia kwa jirani,
jirani akalemewa, akamtwisha wa tatu.
Ndivyo giza linavyotembea, kwa adabu,
likipiga hodi nyumba kwa nyumba.

Nilifundishwa kwa chaki, ubaoni:
umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.
Miaka tisa nala mshahara wa kubishana na methali hiyo.
Nyaya zilizoshikana mikono zisijue kuachana
huzama pamoja.
Basi nikachora mishono: nguo ikichanika
ichanikie hapa, na hapa,
isichanike yote.

Nilimwogopa zaidi mwenye macho.
Barafu ni kipofu; mtu akija na bunduki na ramani
hapotezi risasi kwenye nguzo ya shambani.
Ataenda kitovuni.
Ndiyo maana nilikikataa kitovu. Nilisema mkutanoni:
vituo vitatu vidogo, vibaya, vya gharama,
kuliko kimoja kizuri cha kupigia picha.
Yvonne Kowalchuk akauliza bei.
Nikaitaja. Akakohoa.

Usiku ule mshono wa nne ulifunguka wenyewe,
sekunde moja na nusu, bila kuniomba ruhusa,
tukakatwa na mashariki yote, tukabaki kisiwa:
hospitali inang'aa, pampu za maji zinanguruma,
na mtaa mmoja, niliouacha nje ya mstari
kwa penseli, mchana, nikiwa nimeshiba,
mweusi tii.

Mtaa wangu.
Ghorofa ya chini anakaa Bi Aino Lahtinen
na mashine yake ya oksijeni.

Nilipofika, buti zikiteleza ngazini, alikuwa macho.
Betri niliyompelekea Oktoba ilikuwa ikilia kidogo kidogo,
imebakiza saa moja na robo.
"Ni wewe uliyetuzimia?"
"Ni mimi."
"Na hospitali?"
"Inawaka."
Akavuta pumzi ya kukopa, akaitazama dari
kana kwamba hesabu yangu imeandikwa pale.
Kisha akaniambia nishike tochi vizuri,
mkono usitetemeke,
anatafuta soksi.