Ushahidi wa Mshika Mnyororo

Nimeapa, mheshimiwa. Jina langu Mhina Sekibaha,
mkazi wa Kicheba, umri sina hakika nao.
Mwaka ule wa kuunganisha mashamba
mimi ndiye niliyemshikia mpima mnyororo
kwa ujira wa siku na kipande cha mkate wa kumimina.

Marehemu Semtawa alikuwa na vishamba vitano:
kimoja mtoni, viwili nyuma ya shule,
kimoja cha minazi, na kimoja cha mihogo
ambacho nguruwe walikijua kuliko yeye.
Wakamwambia, leta vyote, tukupe kimoja kikubwa.
Akaleta. Wakampa kitalu namba sitini na mbili
na karatasi yenye muhuri. Akaikunja,
akaitia kwenye kopo la majani ya chai, darini.

Lakini ulimi haukupimwa.
Alishamwambia Mwajabu: michungwa ya mtoni ni yako.
Alishamwambia Akida: minazi usiiuze, ni yako.
Ya mtoni sasa anavuna mwalimu mstaafu,
na minazi, mheshimiwa, imeshakuwa kenchi za watu.

Basi wakagombea kilichobaki: mstari,
ule aliotaka mzee ukikate kitalu katikati,
huku mvulana, huku binti.
Miaka tisa.
Kicheba hadi Muheza mjini, Muheza hadi Tanga,
wakili, fotokopi, chai ya mashahidi.
Mbuzi wa Akida wameisha.
Cherehani ya Mwajabu imekwenda.
Na kinachogombewa ni hatua kumi na moja
na michungwa saba, miwili imeshakauka.

Leo nimewasikia mawakili.
Wa Mwajabu asema kigingi kilisogea
kwa kuwa baba alitaka kumzidishia aliyemuuguza.
Wa Akida asema kilisogea
kwa mkono wa mtu aliyekula hela.
Nikasema moyoni, hela hiyo ilipita njia gani
hata mimi nisiione?

Niulizeni mimi. Nilikuwapo.
Mpima alinyoosha kidole kwenye kisiki cha mvule,
akasema: pale.
Nikaenda, kigingi begani, nyundo mkononi.
Pale palikuwa na siafu.
Walipanda kimyakimya, kama desturi yao,
mpaka walipofika wanapopataka
ndipo wakauma wote kwa pamoja.
Nilivua suruali mbele ya mzee wa watu, nikakimbia,
na mbio zilipoishia ndipo nilipogongelea.
Mpima alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaandika.
Mzee Semtawa naye alicheka, hakusema neno.
Labda alikubali.
Labda alikuwa anacheka tu.

Kimya. Feni ya baraza inazunguka kwa kusitasita.
Karani ananyanyua kalamu:
"Hao siafu, niandike walikuwa wangapi?"

Mwenyekiti anavua miwani, anajifuta macho,
sijui kwa jasho au kwa nini.
Shauri linaahirishwa hadi tarehe kumi na nne,
baraza litakwenda kuona eneo.

Nje, Mwajabu ananishika mkono wa shati,
anauliza kama siafu wale bado wapo.
Akida alishaanza kuelekea stendi.
Anasimama. Hageuki,
ila amesimama, anasubiri nijibu.