Mwendo wa Raskazone

Dakika sita kwa kilomita.
Ndio mwendo wangu wa Raskazone, alfajiri,
kahawa chungu kikombe kimoja tumboni, basi:
kilomita kumi, narudi, naoga,
nawahi bandarini kuhesabu makontena.
Sikuwahi kuuliza mwili wangu unachoma nini.
Mashoga wa Chumbageni walinitazama nyonga wakasema,
Mwanatumu, njaa ikija itakukuta na ghala.
Nikacheka. Nikaliamini ghala.

Likizo, basi likapinda Soni, likapinda tena,
masikio yakaziba, yakazibuka.
Asubuhi ya pili Lushoto nikafunga viatu,
saa mkononi, dakika sita zile zile,
nikashika njia ya Magamba.

Kilomita ya tatu miguu ikaniambia: hatuna.
Haikuuma. Haikulalamika.
Hatuna,
kama mwenye duka anavyolipindua debe la sukari
akaligonga kitako, mteja asikie.
Jasho baridi. Ulimi mzito.
Misonobari ikasogea kando, kisha ikarudi.

Shemeji yangu Shekiondo, mwalimu wa sayansi,
mwembamba kama njiti ya kiberiti,
alitoa mfukoni kiazi kitamu cha jana
akakivunja. Kula, akasema. Maneno baadaye.

Baadaye ilikuwa jikoni, usiku, baridi mlangoni.
Mama mkwe anapuliza gogo la mkaratusi,
anapuliza, macho yanamtoka machozi.
Shekiondo akalielekezea mwiko:
Mafuta ndiyo hilo. Lina moto wa kutwa ndani yake
ila linakunywa hewa, linakunywa, halishibi.
Sukari ni mabua ya mahindi.
Pumzi kidogo tu, mwali huo!
Na huo umekwisha, leta mengine.
Huku juu hewa tunapimiwa kwa kibaba.
Mwili si mjinga, shemeji.
Kwa mwendo ule unaoung'ang'ania
hauwezi kulingoja gogo, unachoma mabua,
na mabua yako leo yalikuwa nusu kikombe cha kahawa.

Na ghala langu?

Lipo. Pumzi ya kulifungulia ndiyo haba.

Mama mkwe akainua uso wenye majivu:
Kwani anakimbizwa na nani?

Kesho yake nikaenda dakika saba na nusu.
Aibu ina uzito wake mlimani.
Mtoto wa shule akanipita, kabichi mbili kichwani,
akanisalimu kwa heshima, akapotea kwenye kona.
Nikamwacha.
Nikatafuna muwa kabla ya njaa,
kama mtu anayelipa deni mdai hajabisha hodi.
Pumzi ikaingia, ikatoka, ikaingia,
na mahali fulani chini ya mbavu
nikalisikia gogo likishika moto.
Polepole. Kwa moshi mwingi.
Nikafika msituni kwa miguu yangu.

Sasa niko Tanga tena.
Hewa nzito, ya chumvi, tele, ya bure,
ghala liko wazi, wala halina bawabu.
Dakika sita, na kahawa yangu chungu.
Mfukoni nilibeba kiazi cha Lushoto, kwa woga tu,
sikukigusa, nikakisahau kwenye suruali msumarini.
Jumanne sisimizi wakakiona.
Nilichelewa kazini nikiwatazama:
mstari mmoja, punje kwa punje,
wanapanda nacho ukuta.