Saa ya Maji

Kila Januari kaka yangu Adelino hupiga simu kutoka Toronto,
theluji ikiwa imemfungia mlango,
aniulize: chemchemi itafaa lini mwaka huu?

Hilo si swali la mwezi tu, na yeye kalisahau.
Chini ya jabali letu jeusi maji ya moto
hutoka penye ufa wa mwamba, ndani ya bahari yenyewe.
Bahari ikipwa kabisa, hubaki moto mtupu:
nimeona mgeni akirukaruka kama kaa aliyetiwa chunguni.
Ikijaa, Atlantiki huyalalia
na joto lote hupotea, kama siri tumboni mwa mtu mzima.
Katikati pana saa mbili. Pengine moja na nusu.

Basi navaa miwani, nafungua kijitabu cha bandari,
nasoma kwa kidole.
Siku za bamvua nazifuta, mawimbi yake hubandua watu kwenye kamba.
Agosti nzima naifuta, mabasi ya watalii,
foleni ya kubadilishia nguo.
Upepo wa kaskazini haumo kijitabuni,
huo naupima kwa goti la kushoto.
Husalia siku nne. Kisha moja:
Jumanne ya Septemba, bahari ikielekea maji mafu,
saa moja na robo asubuhi,
mvuke ungali mzito,
hakuna mtu ila mbwa wa mzee Quintino.
Namsomea. Nasikia kalamu ikikwaruza.
"Hiyo hiyo, Zulmira. Usiwape wengine."

Halafu Machi ni kazi. Mei ni nauli. Julai ni nyonga.
Miaka kumi na mmoja
kaka yangu huyavulia nguo maji haya kwenye simu
na hajayaoga.

Jumanne yenyewe hushuka mimi.
Nashika kamba. Wimbi la baridi lanipiga mgongoni,
joto lanipanda kutoka nyayoni,
nami nasema kwa sauti, mbwa akisikiliza:
sasa. Sasa hivi.
Ilikuwa sasa.

Mwaka huu alipouliza, kijitabu nilikiacha kabatini.
Njoo saa mbaya, nikamwambia.
Njoo Agosti, foleni ikiwa imefika kwenye maegesho.
Njoo maji yakiwa ya kuchemshia yai,
tutachemsha yai, tukae mwambani tulimenye.
Njoo bahari imejaa, tutetemeke meno
kama zamani, mama akitungoja pale juu
na taulo moja la watu wawili.

Kimya. Huko kwake gari la kukwangua theluji likapita.
"Taulo lile," akasema, "la mistari ya kijani?"
"Ya buluu."
"Kijani, Zulmira."
"Njoo uone," nikasema. "Lipo.
Siku hizi ni dekio."