Nusu Lita ya Bahari

Nilirudi Moshi alfajiri, basi limechelewa Same kwa pancha,
mchanga bado umo ndani ya soksi,
na kwenye mfuko wa pembeni wa begi,
ndani ya chupa iliyokuwa ya juisi ya ukwaju,
nusu lita ya bahari.

Ndilo agizo pekee la shangazi Elinaike.
Hakutaka kanga, hakutaka kikoi wala halua.
"Niletee maji yenyewe," alisema. "Picha zimenichosha."

Miaka kumi na minne aliuza ndizi mbivu stesheni,
akiziinua hadi madirishani mwa treni ya Tanga,
akipokea sarafu, akilitazama behewa la mwisho
likipinda kuelekea Kahe.
Kila mwaka alikuwa apande.
Kila mwaka Januari ikamfikia na mkono umenyooshwa:
ada ya baba yangu, ada ya ba'mdogo Ndewira,
ada ya Anaeli, aliyekuja kuwa nesi akatusahau.
Halafu treni nayo ikaacha kuja.
Nyasi zikaota katikati ya reli,
mbuzi wa Pasua wakawa ndio abiria.

Tuliketi jikoni. Mlima ulikuwa umejifunika,
kama kawaida yake unapotaka kubembelezwa.
"Haya, sema. Mji ukoje?"

Mdogo, nikamwambia. Ukianza kuutembea na chapati mkononi
mji unakwisha kabla ya chapati.
Kuta za matumbawe, milango imeinama,
kaburi la mtu ambaye jina lake limelambwa na upepo
ikabaki alif peke yake, imesimama kama kijiti.
Na kisiwa chenyewe chembamba, mchanga mtupu,
kama mtu aliyelala ubavu mlangoni.

Nikamweleza habari za Bwanali, kijana wa kutembeza wageni,
aliyenionyesha majini, akasema bila kupandisha sauti:
"Mtaa wa kwanza uko pale, chini. Na wa pili.
Huu tuliosimama ni wa tatu,
ila siku hizi tunauita wa kwanza."
Nikamuuliza kwa nini hawahami.
Akanyoosha kidole ng'ambo, kwenye ufuko wa bara,
ambako maji yalikuwa yametulia kama ya ndoo.
"Wale wanalala," akasema,
"kwa sababu wimbi linaanzia kwetu."

Shangazi hakujibu.
Alifungua chupa, akanusa, akakunja pua.
Nilidhani atanawia uso,
au ataiweka kabatini kando ya Biblia
pamoja na risiti za ada, ambazo hajatupa hata moja.
Akachukua sufuria ndogo, ile iliyopinda mdomo,
akamimina yote, akapepea jiko la mkaa.

Tukangoja. Maji yalichemka kama maji yoyote,
hayakujitia kwamba yametoka mbali.
Yakapungua. Yakawa tope jeupe, yakarukaruka,
yakamchoma kidoleni, akayatukana kwa Kichaga.
Kisha kimya, na ukoko.

Akaukwangua kwa ncha ya kisu:
vijiko viwili vya chai, na punje za mchanga.
"Ndiyo hii tu?"
"Ndiyo hiyo."
Akaigeuzageuza kiganjani.
"Na ndiyo iliyokula mitaa miwili."

Mchana tulikula mtori. Alikuwa ameitia.
Kila nilipotafuna jino liligonga mchanga, kru,
nikamtazama, nikingoja alalamikie meno yake machache.
Alikuwa amegeukia dirisha la upande wa stesheni,
anakula polepole, kama abiria
asiyetaka kufika mapema.

Ile sufuria hadi leo haijasuguliwa.
Pete nyeupe bado imeizunguka kwa ndani.
Nikiishika nichemshie chai, ananiambia, "Chukua nyingine,"
na hatoi sababu.