Mwimo wa Mlango

Itajaí, mto na bahari hukutana mlangoni
na hakuna anayetaka kumpisha mwenziwe.

Kazi yangu ni kuzamisha mitaa kwenye kompyuta.
Leo nimeurudisha mwaka themanini na tatu
mara kumi na nne kabla ya kahawa:
mvua ya milimani, bahari imejaa,
upepo wa kusini umeukaba mto koo.
Hakuna aliyelowa.
Mtaa wa Dona Zenilda nimeutia rangi ya chungwa,
maana yake: maji ya kiunoni.

"Kiuno cha nani?"
Alinitazama kama mtoto aliyetumwa chumvi
akarudi na kiberiti,
akanivuta hadi kwenye mwimo wa mlango wa jikoni.

Penseli. Ncha ya kisu. Mkaa.
Rosane, miaka minne.
Vanderlei, miaka sita. Vanderlei, miaka saba.
Na juu ya Vanderlei, mkwaruzo mrefu: mto.
"Rosane tulimlaza juu ya kabati la vyombo.
Alikumbatia sufuria hadi asubuhi."
Baadaye watoto waliacha kupimwa,
wakaoa, wakaolewa, wakahamia Joinville.
Mto peke yake ndio uliobaki kupimwa.

Nikatoa futi kamba.
Kutoka barabarani: mita moja, sentimita sitini na saba.
Si kiuno. Ni kidevu changu.

Usiku nikakoroga namba.
Nikaongeza tope sakafuni mwa mto,
magogo kwenye nguzo za daraja,
nikaifanya mvua iwe na kisirani.
Maji yakapanda sentimita tisa, yakagoma.

Kesho yake nikarudi, nikapiga magoti pale mlangoni.
Chini ya mwimo, matofali
ambayo hayakuzaliwa na ukuta ule.
Dona Zenilda akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.
"Aah! Marehemu aliinua sakafu
baada ya mafuriko yaliyofuata.
Mlango tukaung'oa, tukaurudisha juu yake.
Mbao nzuri ile, nani angetupa?"

Kwa hiyo mto ulikuwa umepandishwa na fundi,
pamoja na Rosane, pamoja na Vanderlei,
sentimita arubaini na tano, bila tone la mvua.
Nikatoa. Nikalinganisha.
Zikabaki sentimita kumi na nane zisizo na mwenyewe,
si za matofali, si za hesabu yangu.
Nimeziandika hivyo hivyo kwenye jedwali.
Mkuu wangu ataniuliza. Aulize.

"Nipime na mimi," akasema, akavua kandambili.
Nikagusisha penseli kwenye mvi zake.
Zenilda, themanini na mmoja.
"Haya, kwenye ramani yako mimi ni rangi gani?"

Nilikuwa na neno la zambarau mdomoni.
Nikasema: "Mvua ikifika siku ya pili, ondoka.
Usiingoje ya tatu."

Akaligeukia kabati, akalipima kwa macho.
"Lipo," akasema. "Ila magoti."