Safu ya Maoni

Nilianza na reki, kibarua wa siku,
nimesimama juu ya wavu wa vyuma kule Ruai
ambapo Nairobi huleta yote iliyoyakana:
matambara, nepi, kijiko, meno ya bandia,
karatasi ya mtihani wa hesabu, tisa kwa mia,
imekunjwa mara nane ili mama asiione.
Mimi niliiona. Nikaizoa pamoja na mengine.

Mwezi wa kwanza sikula nyama.
Mwezi wa pili pua ilichoka kulalamika,
ikageuka chombo cha kazi:
harufu ya yai viza, bwawa linakosa hewa;
harufu ya udongo uliolowa, leo kuna heri;
harufu ya rangi na spiriti, kuna kiwanda
kimefungua koki usiku kikidhani mji umelala.

Kwa shemeji nilisema nafanya kazi serikalini.
"Wizara gani, Mukhwana?"
"Ya maji."
Sikuwa nimedanganya. Sikuwa nimesema pia.
Nilioga mara mbili kwa sabuni ya kipande
na bado ukumbini, siku ya harusi, nilikaa karibu na dirisha.

Bi. Kerubo wa maabara ndiye aliyenipa kalamu.
Alikuwa na chupa thelathini
na subira isiyojaa hata moja.
"Kusoma unajua? Basi soma mita hii.
Unachokiona, andika. Usichokiona, usikiandike.
Namba ya kupika haimshibishi mpishi,
ila huko chini, mtoni, kuna anayeila."

Basi siku za kazi reki, Jumamosi chuo, South C,
nikirudi na hesabu za ujazo kwenye kiganja
kwa sababu daftari lilikwisha kabla ya muhula.
Nikajua kwamba bwawa si shimo.
Ni shamba. Mwani huvuta jua na kutoa hewa,
vijidudu visivyo na jina la nyumbani
hula, huzaana, hufa,
na mkulima ni mimi, natembea ukingoni na chupa ya kamba.

Nikaujua na mji, kwa mstari wa mtiririko.
Mpira ukifika mapumziko, saa chache baadaye mstari unapanda:
Umoja na Buruburu waliinuka kwa pamoja.
Mgao wa maji ukianza, unalala kama mgonjwa.
Na Desemba, tarehe ishirini na nne,
unashuka polepole, najua bila kuambiwa
kwamba watu wamekwenda makwao
na mimi nimeachiwa funguo.

Usiku mmoja wa Aprili mvua ilipiga mabati ya kibanda
na Okumbe, mwenzangu wa zamu, akanakili namba za jana,
akipunguza kidogo hapa, akiongeza kidogo pale,
ili zionekane zimetembea.
"Nani atajua?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na tochi.
Nilikwenda hadi bwawa la tatu, tope likinivua buti,
na kipimo kikasema: sifuri nukta mbili.
Jana yake ilikuwa nne.
Hadi alfajiri tulikuwa tukizungusha malango,
Okumbe pia, bila neno, maji yakitufika magotini.

Leo nina daraja, nina kiti, nina bima ya meno.
Mshahara haujanenepa; umeacha kukohoa tu.
Juzi shemeji aliuliza tena.
"Mavi yenu," nikamwambia. "Nayasafisha."
Akanyamaza, kisha akaniongeza chai.

Na leo amekuja Nzilani, buti mpya, kitambaa puani.
Tumefika bwawa la mwisho, saa kumi na mbili na nusu,
ukungu haujaamua kuondoka.
Ameandika joto. Ameandika hewa. Ameandika asidi.
Kisha akauliza safu ile ya pembeni, Maoni,
huandikwa nini.
"Unachokiona," nikasema.
Alitazama muda mrefu, kitambaa kimeshuka shingoni
wala hakukumbuka kukipandisha.
Akaandika, kwa mwandiko wa shule:
*Bata kumi na wanne. Mmoja anazamia.*